Kabla ya Kushika Kamera

Ndege-mvumaji, wadogo wafyonzao maua kama chozi wetu, huishi katika mabara ya Amerika tu. Marekani, watu huwatundikia uani chupa za maji ya sukari: kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi yoyote. Ndege-mvumaji mwenye koo jekundu hupiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde huku amesimama hewani. Mpiga picha mwenye haraka huambulia ukungu mtupu. Lakini hakuna picha yenye thamani kuliko ndege mwenyewe. Kwenye joto, maji hayo ya sukari huchacha upesi na kumdhuru. Nawe uliye huko ughaibuni, ukitundika chupa, ioshe na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili.