Asiyekuwapo na Lake Halipo

Na uchukuliwe mfano wa mzee wa Kizanzibari anayeishi Leicester na kukusanya sahani za zamani za santuri. Sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Zikianguka huvunjika kama vigae, na upande mmoja huchukua kama dakika 3 tu. Anazozitamani kuliko zote ni za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay pamoja na wenzake mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao. Jirani zake hawajui anazungumzia nini. Mkewe hulalamika kwamba makasha yamemaliza nafasi sebuleni. Wajukuu humcheka: nyimbo zote zimo ndani ya simu, ya nini kusikiliza mikwaruzo?

Usiku mmoja mzee huyo anaweka picha ya sahani katika kikundi cha Facebook cha wapenzi wa taarab ya kale. Saa moja haijapita, kijana aliyeko Dubai anamuuliza namba iliyochapwa kwenye lebo. Ni swali dogo, lakini ni la kwanza la aina hiyo kuulizwa katika miaka yake yote ya ugenini. Je, mzee huyo amepata jamaa, au amepata wasikilizaji tu?

Wapo watakaojibu haraka kwamba udugu wa mtandaoni ni kivuli, kwa kuwa watu hao hawajapata kuonana. Jibu hilo linasahau historia ya Waswahili wenyewe. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi, na malenga wa miji ya mbali walijibizana humo bila kujuana kwa sura. Baadaye zikaja kadi za salamu za redioni. Msikilizaji wa Kenya au Tanzania alinunua kadi, akaandika majina ya watu wengi ambao huenda hajawahi kuwatia machoni, akaituma kwa posta, kisha akangoja jina lake litajwe. Kwa asiyehusika, hilo lilikuwa jambo la ajabu: kutumia fedha ili kusikia majina yakisomwa. Hata hivyo wapenzi hao wa salamu waliunda vyama, wakatembeleana, wakachangiana katika harusi na misiba. Basi umbali peke yake hauvunji udugu.

Wapo pia watakaojibu kwamba udugu ni kupenda kitu kimoja, na kwamba yatosha. Hapa Aristotle anafaa kusikilizwa. Alitenga urafiki wa manufaa, wa starehe na wa wema, akaonya kwamba ule wa starehe hufa starehe inapobadilika. Akataja na methali ya Wayunani kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Waswahili nao humwita aliyeishi miaka mingi mtu aliyekula chumvi nyingi. Katika lugha zote mbili chumvi imebeba maana ya muda uliopita juu ya watu, pamoja na uchungu wake. Wawili wanaopenda sahani za Siti wamekutana katika utamu. Chumvi bado hawajaila.

Kinyume cha kikundi cha mtandaoni huwa ni baraza, lile jiwe la kukalia nje ya nyumba za Unguja, Mombasa na Lamu. Lakini baraza nalo lisisifiwe kupita kiasi. Aliyekuwa na mapenzi ya pekee hakuwa salama hapo. Aliyependa kukusanya stempu, au kuhesabu meli zinazoingia bandarini, alibandikwa jina la utani akazikwa nalo. Wanawake, kwa kawaida, barazani hapakuwa pao. Mwenye shauku isiyoeleweka alijifunza kuificha ili akubaliwe, na kukubaliwa kwa kujificha ni upweke wa aina nyingine. Kama mtandao umempa mtu huyo mahali pa kusema bila kuona haya kile anachokipenda, hiyo si neema ndogo.

Hata hivyo baraza lilikuwa na jambo moja ambalo kikundi cha mtandaoni hakina kwa maumbile yake. Mtu asipofika, nafasi yake ilionekana. Jiwe lilikuwa wazi pale alipozoea kukaa, na mtu mmoja, pengine yuleyule aliyemtania jana, angeuliza: fulani yuko wapi leo? Katika kikundi cha mtandaoni hakuna jiwe. Programu hupanga mbele ya macho yale yaliyowekwa, na yenye kuvutia wengi hupanda juu. Aliyenyamaza haachi pengo. Wengine hujaza ukurasa na mazungumzo yanaendelea. Methali isemayo asiyekuwapo na lake halipo ilikuwa tahadhari kwa mwenye kutoroka kikao. Mtandaoni imekuwa kanuni ya mashine.

Kanuni hiyo humgusa mwanachama hata kabla hajanyamaza. Mzee wa Leicester anagundua kwamba picha za Siti hupata alama nyingi za kupendwa, na zile za waimbaji wasiojulikana hazipati kitu. Taratibu anaanza kununua za Siti hata zile alizo nazo, na kuziacha dukani zile ambazo zamani zingemfanya asilale. Anaogopa kwamba bila cha kuonyesha hatakuwapo. Shauku iliyokuwa yake peke yake sasa ni ada anayolipa ili asisahauliwe, na kile kilichomleta kikundini kinakufa kwa sababu ya kikundi.

Kwa hiyo kipimo cha udugu kitafutwe mahali pengine, mbali na idadi ya wanaoitikia mtu anaposema. Mtu ni wa watu fulani pale ambapo ukimya wake unawahangaisha. Kipimo hiki hakimlaumu mpenzi wa mambo ya pekee, wala hakikilaani chombo. Kinamtwika wajibu kila aliye ndani: pale mashine isipoonyesha jiwe lililo wazi, mtu alitafute kwa makusudi, kama wapenzi wa salamu walivyovuka redio wakafikiana majumbani.

Na ifikiriwe kwamba mzee ameugua, na mwezi mzima hajaweka picha. Kikundini hakuna anayesema neno. Kisha unafika ujumbe wa faragha kutoka Dubai, usio na namba ya lebo wala ombi la kurekodiwa wimbo: "Shikamoo, ami. Kimya kingi. U mzima?" Mzee hana sahani mpya ya kuonyesha. Anaitikia salamu, kisha anaanza kueleza habari za mguu wake.