Zawadi ya Noeli kwa Rafiki Mwenye Hirizi

Siku za Noeli zakaribia, na katika nyumba nyingi za Kikristu baba na mama wameanza kuhesabu fedha zao. Hesabu yenyewe si ndefu. Kuna nguo za watoto, mchele wa sikukuu na nauli ya kwenda kuwaona wazee, na nyuma yake mahitaji ya shule ya mwezi wa Januari yamekwisha kubisha hodi. Kinachobaki kwa ajili ya marafiki ni kidogo, nao wasomaji wetu wajua namna ya kukitumia kidogo hicho. Lakini kuna swali moja ambalo si la fedha tu, nalo twataka kulitazama leo: Mkristu ampe zawadi gani rafiki ambaye moyo wake umeelekea uganga?

Swali hili si la mchezo. Katika mji wa Morogoro, na katika vijiji vilivyo juu ya milima ya Uluguru, kama ilivyo katika nchi yote, sisi sote tunao rafiki wa namna hiyo. Mmoja hatoki kwenda sokoni asipojipaka kwanza dawa ya mvuto. Mwingine amemfunga mtoto wake hirizi kiunoni. Wa tatu ni kijana msomi. Kila usiku huandika katika daftari kiasi cha fedha anachokitaka, huwasha mshumaa, hushika jiwe mkononi, akiamini ya kuwa ulimwengu utamletea alichokitamka. Watu hawa si maadui. Wamebeba majeneza ya wafu wetu, na siku ya harusi zetu walikesha jikoni pamoja nasi. Noeli ikifika, hatuwezi kupita mlangoni kwao kana kwamba hatuwajui.

Kwanza tuyafahamu mambo yenyewe. Lugha yetu ina neno la zamani: kunuiza. Mganga akikupa mzizi hakuagizi uuchemshe tu. Huagiza uunuize, yaani uuambie kwa kinywa kazi unayotaka ifanyike. Yale mafundisho ya kijana mwenye daftari yametoka mbali. Yalianza kuenea huko Marekani katika karne ya 19. Mwaka 1937 Napoleon Hill alitoa kitabu kiitwacho Think and Grow Rich, na mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia alitoa The Secret, kitabu kilichonunuliwa kwa mamilioni ya nakala. Sasa yamefika katika simu za vijana wetu kwa jina la sheria ya mvuto. Kijana anayeyafuata aweza kumcheka bibi yake mwenye hirizi, wala haoni ya kuwa yeye na bibi wamekaa juu ya mkeka mmoja. Wote wawili wafikiri ya kuwa neno likitamkwa kwa namna iliyo sawa, mambo yasiyoonekana hayana budi kutii.

Basi, je, ni halali kumnunulia rafiki hirizi, au jiwe la bahati, au mshumaa wa kuvuta mali, kwa kuwa ndivyo avipendavyo? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika ibara ya 2117 yakataza uchawi na uganga wa namna hiyo, hata kama mtu autumia kwa kutafuta afya, nayo yasema ya kuwa kuvaa hirizi ni jambo la kulaumiwa. Nia njema ya mtoaji haibadilishi jambo hilo. Rafiki akipenda kamba ya kujifungia, hatumnunulii kamba.

Lakini tusianze kuviogopa vitu vyenyewe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, akawafundisha watazame dhamiri ya ndugu kuliko nyama yenyewe. Ubani hufukizwa kwa mganga, na ubani hufukizwa altareni. Huko Matombo, katika milima ya Uluguru, watu wamechimba yakuti nyekundu; jiwe hilo ni kiumbe cha Mungu, na uzuri wake ni sifa kwa Muumba. Ampaye mke wake jiwe kama pambo, ametoa pambo. Ampaye dada yake akisema ya kuwa litamvutia mume, ametoa hirizi, ingawa jiwe ni lile lile. Wala hatusemi lolote juu ya dawa za miti. Bibi ajuaye jani la kutuliza tumbo ana elimu ya kuheshimiwa, na sheria ya nchi ya mwaka 2002 yautambua utabibu wa asili. Twasema juu ya ile biashara ya kuilazimisha bahati.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Zawadi na dawa ya mvuto ni vitu viwili vinavyopingana. Dawa ina masharti: usile kitu hiki, usipeane mkono na mtu, usitazame nyuma, lete kuku mweusi. Isipofanya kazi, mganga husema ya kuwa ulivunja sharti. Mafundisho ya simu ni vivyo hivyo: usipopata, yasema hukuamini vya kutosha. Maskini hubaki na umaskini wake, na juu ya umaskini huo hutwikwa hatia. Zawadi haina masharti. Apewaye hakuistahili wala hakuivuta. Imemjia kwa sababu mtu mwingine amempenda. Simoni wa Samaria, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, alikuwa mchawi aliyekwisha kubatizwa, lakini alitaka kununua kwa fedha uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali, kwa maana Simoni alidhani ya kuwa karama ya Mungu yaweza kuwa na bei.

Wafanyabiashara wa masoko mengi nchini husimulia habari za chuma ulete. Ni fedha ya mnunuzi ambayo, kwa maneno yao, ikiisha kuingia katika droo ya duka humrudia mwenyewe pamoja na fedha nyingine. Hatuamini ya kuwa noti zina miguu. Lakini hadithi hiyo ni picha ya kweli ya moyo wa mtu atoaye ili achukue. Zawadi za chuma ulete zimo hata katika nyumba za Wakristu: mbuzi apelekwaye kwa mkubwa wa kazi ili cheo kipatikane, au khanga apewayo mama mkwe ili baadaye anyamaze. Anayetoa hivyo asimcheke mwenye hirizi.

Watu wa kale wa Uluguru, na pamoja nao watu waliotoka mpaka Uzaramo, walikwenda mahali pa Kolelo, katika milima hiyo, kuomba mvua, wakichukua nguo nyeusi kuwa sadaka. Mwaka 1905, siku za Vita vya Maji Maji, jina la Kolelo lilitajwa pia katika habari zilizowakataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Hatuitetei ibada hiyo; sisi twajua aliye Bwana wa mvua. Lakini haki yatutaka tuseme jambo moja. Mtu aliyeupanda mlima siku za ukame aliomba mvua ya nchi nzima, nayo mvua haichagui shamba. Mtu anunuaye dawa ya mvuto aomba wateja wa jirani yake wahamie kwake. Yule wa kwanza alikosea njia katika kuwatakia mema watu wote. Huyu wa pili amekwisha kuanza kumwibia jirani, ijapokuwa katika mawazo tu.

Na wizi wa mawazo hauishii katika mawazo. Popote ushirikina unapotawala, zawadi yenyewe hufa. Sahani ya pilau itokayo nyumba ya pili hupokewa kwa tabasamu, kisha humwagwa nyuma ya nyumba. Watoto huonywa wasipokee andazi la bibi fulani, kwa kuwa macho yake ni mekundu. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa na watu walioambiwa ya kuwa viungo hivyo vyaleta utajiri, hata mwezi wa Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli. Si kila mwenye hirizi ni mwuaji, na ni dhambi kumdhania hivyo. Lakini mtu akiisha kukubali ya kuwa bahati yake imefichwa ndani ya mwenzake, ameweka mguu katika njia ambayo mwisho wake ni huo.

Pamoja na hayo tutambue kinachotafutwa na mioyo ya watu. Huko Ulanga, katika mkoa huo huo wa Morogoro, katika karne ya 20 wengi walipelekwa kwa waganga kunyolewa nywele ili uchawi uondolewe. Mtuhumu na mtuhumiwa walinyolewa wote wawili. Njia ile hatuikubali. Hata hivyo yatuonyesha ya kuwa watu waliochoka kuogopana walikuwa wakitafuta namna ya kurudi nyumbani na kukaa pamoja tena. Njaa hiyo ya amani ni ya kweli, na zawadi ndogo ya Noeli yaweza kuishibisha kuliko wembe wa mganga.

Basi tumpe nini? Kwanza, tusimpe karipio lililofungwa katika karatasi nzuri. Kitabu cha kumwonyesha makosa yake, kikitolewa siku ya sikukuu, ni mtego, naye atauona. Wala tusimpe medali au rozari kana kwamba ni hirizi yenye nguvu zaidi. Akiivaa kwa maana ile ile, amebadili uzi tu. Vitu hivyo vitakatifu apewe siku atakapoviomba, pamoja na mafundisho yake.

Tumpe vitu vizuri visivyo na kazi ya siri. Milima ya Uluguru yatoa vya kutosha kwa mfuko mwembamba: mdalasini na pilipili manga za Kinole na Mkuyuni, chane ya ndizi mbivu, karoti na njegere za Mgeta. Kikapu kidogo cha vitu hivyo chaweza kupatikana kwa bei ya kuku mmoja wa mganga. Kijana mwenye daftari apewe daftari jipya, na rafiki akae naye jioni moja kuandika mapato, madeni, na hatua za kazi anayoitafuta; kutamani kwake kutapata miguu. Mama mwenye shamba mtelemkoni apewe siku moja ya palizi. Au apewe mche wa mparachichi, upandwe wakati udongo una maji. Miti ya Uluguru hushika maji ya mto Ruvu, na maji hayo hunywewa na watu wa Dar es Salaam ambao hawataliona shamba lile kamwe. Huo ni utajiri usiomwibia mtu.

Lakini iko zawadi moja isiyohitaji fedha, nayo ndiyo ngumu. Wazee walisema: mchawi mpe mwana kulea. Maana yake, mtu unayemshuku umpe amana, naye huenda akawa mlinzi wako. Siku ya Noeli, baba na mama wampelekee sahani yule bibi anayeogopwa na kijiji, nao wakae kitako, wapokee chakula chake, wakile mbele ya watoto wao. Hakuna mahubiri juu ya ushirikina yatakayowafundisha watoto hao kuliko tonge lile. Na huyo bibi, ambaye labda amevaa hirizi kwa sababu yeye mwenyewe awaogopa jirani zake, atakuwa na sababu moja pungufu ya kuivaa.

Tukumbuke mwishowe ni nani walioleta zawadi za kwanza za Noeli. Walikuwa Mamajusi, watu wa mashariki, watazama nyota. Mungu hakungoja mpaka waziache nyota zao ndipo awaite. Aliwaita kwa nyota ile ile waliyokuwa wakiitazama. Wakaingia katika nyumba, wakasujudu, wakatoa dhahabu, uvumba na manemane. Injili haituambii ya kuwa waliomba bahati, wala ya kuwa walinuiza neno lolote juu ya hazina zao. Walitoa, kisha wakarudi kwao kwa njia nyingine. Na Mama wa Yesu hakuwafungia mlango.

Ndugu wasomaji, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwezi huu kila nyumba imchague rafiki mmoja wa namna hii, impelekee kitu kidogo na kizuri, bila kumdai aamini wala aache lolote siku hiyo. Rafiki aliyezoea waganga huenda akauliza zawadi hiyo ina masharti gani. Ajibiwe ya kuwa haina.