Sura ya Mahali na Deni la Msanii: Thika na Ruiru katika Sinema

Aristotle alipoainisha vipengele sita vya tanzia, mwonekano wa jukwaani aliuhesabu kuwa wa mwisho kwa thamani ya kisanaa. Sinema imeipindua ngazi hiyo. Katika filamu, mto na mlima huonekana kabla mhusika hajafungua kinywa, na mara nyingi mtazamaji huvikumbuka baada ya kisa kusahaulika. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili ambalo uhakiki hauna budi kulikabili: je, msanii anayeazima sura ya mahali halisi anadaiwa chochote na mahali hapo?

Thika na Ruiru, miji miwili ya Kiambu nchini Kenya, inafaa kulipima swali hili. Thika ina maporomoko ya mito Chania na Thika, ambapo hoteli ya Blue Posts imesimama tangu mwaka 1908. Na upande wa Kilimambogo yapo Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Si ajabu kwamba eneo lenye sura ya namna hii liliwavutia watengenezaji filamu.

Mfano wa kwanza ni Mogambo, filamu ya John Ford ya mwaka 1953, ambayo Thika ni miongoni mwa sehemu ilikopigwa. Kisa chake, cha mwindaji mmoja na wanawake wawili wanaomgombea, hakikuzaliwa Afrika. Ni kisa kilekile cha Red Dust, filamu ya mwaka 1932 inayosimulia mambo ya shamba la mpira huko Indochina, na katika zote mbili mwigizaji mkuu ni Clark Gable. Kisa kilivuliwa Asia kikavishwa Afrika, wala hakikupungukiwa na kitu. Jina la filamu lina mlio wa Kibantu, lakini si neno la Kiswahili. Lililo karibu nalo ni mgambo, na wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo lilikuwapo. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na kamera za Ford zilifanya kazi katika miezi iliyofuata. Mapambano ya Mau Mau, yaliyohusu ardhi hiyohiyo iliyopigwa picha, hayakupewa nafasi. Waafrika waliomo ni wachukuzi, watumishi na wapiganaji wasio na kisa chao wenyewe.

Watetezi wa uhuru wa sanaa watajibu kuwa mtunzi si mpima ardhi. Shakespeare aliipa Bohemia pwani ambayo haikuwa nayo, na The Winter's Tale haikuharibika kwa sababu hiyo. Hoja hii ina uzito. Maji hayaumii yakisingiziwa kuwa ya nchi nyingine. Hata hivyo, Bohemia ya Shakespeare ilikuwa jina tu. Hapana mkulima wa Bohemia aliyeletwa jukwaani kusimama kama pambo. Kamera huichukua ardhi yenyewe pamoja na wanaoishi juu yake. Immanuel Kant alifundisha kuwa binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha makusudi ya mwingine. Mahali si mtu, lakini mahali panapokaliwa na watu hapageuzwi chombo bila watu wake kugeuzwa pamoja napo. Kubadilisha jina la mto, basi, ni jambo dogo. Kosa ni kumhesabu mwenye mto pamoja na majani na mawe.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa humo mahali pametajwa kwa jina. Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika, akisimulia utoto wake katika shamba la wazazi wake, walowezi waliofika Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1981 Thames Television ya Uingereza ilikigeuza kitabu hicho kuwa mfululizo wa sehemu saba, Hayley Mills akiigiza mama. Kufikia wakati huo Thika ilikuwa mji wa viwanda na mananasi. Thika ya mwaka 1913 ilibidi ibuniwe upya. Huxley halaumiki kwa uongo. Alisimulia alichokiona mtoto, na Wagikuyu wa kitabu chake wana majina, hila na hukumu zao juu ya wageni. Lakini kwa mtoto wa mlowezi ardhi huanza siku gari la ng'ombe lilipofika. Kamera ikilifuata jicho hilo, shamba huonekana kama pori lililokuwa likingoja kupewa jina, na jina la Thika huenda duniani likiwa limebeba kumbukumbu ya upande mmoja.

Ruiru inatoa ulinganisho wa namna nyingine, kwani jina lake limevuka mipaka kwa njia ya mbegu. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwaka huohuo ilitolewa Out of Africa ya Sydney Pollack, filamu iliyopigwa Kenya na kutunukiwa Oscar saba, kuhusu Karen Blixen na shamba lake la kahawa lililofilisika karibu na vilima vya Ngong. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Moving the Centre ya mwaka 1993, aliukosoa vikali mtazamo wa Blixen juu ya Waafrika. Katika filamu hiyo kahawa ni huzuni ya mwenye shamba. Katika mbegu ya Ruiru ni kazi ya watafiti na tumaini la mkulima. Mche wa Ruiru 11 ukipandwa Meru au Kisii hubaki na jina la kwao, na jina hilo ni la kweli, maana linakiri kazi iliyofanyika mahali fulani. Kuazima hakukatazwi, ila mwazimaji mwema hutaja alikoazima.

Suala hili si la kale tu. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yanakatwa viwanja vya nyumba, na barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, imeyaharakisha mabadiliko hayo. Mandhari yakitoweka, picha hugeuka ushahidi. Kijana atakayetaka kujua nchi yake ilivyokuwa huenda akaonyeshwa filamu za wageni, akamkuta babu yake amebeba sanduku, bila jina wala neno.

Kuzifungia filamu hizo hakutamrudishia babu huyo jina. Mtazamaji anayeijua historia anaweza kuisoma Mogambo kinyume cha matakwa ya waliyoitengeneza, akimtafuta mchukuzi pembeni mwa picha. Lakini juhudi ya mtazamaji haimwondolei msanii deni lake. Kipimo kipo: kisa kinachohamishika bila kupungukiwa na kitu kimepatumia mahali kama vazi, kinachopungukiwa na watu, lugha na migogoro yao kimepashirikisha. Kipimo hicho hakibagui mgeni na mwenyeji. Mtengenezaji filamu wa Nairobi anayeyafanya maporomoko ya Chania kuwa pazia tu nyuma ya wapendanao anadaiwa deni lilelile.