Kitambi cha Mtu wa Makamo

Ukikaa Malava siku nyingi, msomaji, utazisikia salamu mbili wanazopewa watu waliokwisha kupita miaka arobaini. Ya kwanza ni ya sifa: "Umenona, naona mambo ni mazuri." Ya pili yakaribia rambirambi: "Mbona umekonda hivyo, kuna nini nyumbani?" Anayenenepa huhesabiwa kuwa amefanikiwa. Hata kama hulala akikoroma na kuamka akihema, kitambi chake humtangulia njiani kama mjumbe mwenye habari njema. Anayekonda hutafutiwa msiba. Ikiwa hana ugonjwa, basi ana deni; ikiwa hana deni, basi mkewe hampikii vema; na ikijulikana ya kuwa mkewe ni mpishi hodari, husemwa kuwa lipo jambo linalofichwa. Ni vigumu watu kuwaza kuwa huyu amepungua kwa hiari yake, kwa kuhesabu matonge yake na hatua zake, ili apate kuishi.

Nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna swali gumu kuliko linavyoonekana kwa nje. Mwili wa mtu mzima ni mali ya nani? Je, ni wake peke yake, auongeze na kuupunguza apendavyo, ama wengine nao wana fungu lao?

Kwanza haifai kuwacheka wanaosifu unene. Hukumu yao ina asili. Katika nchi ambayo mavuno yaliweza kukosekana, mwili mnene ulikuwa ghala lililoonekana kwa macho. Kisha ikaja miaka ya 1980 na 1990. Ukimwi uliingia majumbani, na watu wa magharibi mwa Kenya waliwatazama ndugu zao wakipukutika nyama za mwili mwezi baada ya mwezi mpaka wakazikwa. Mama anayeshtuka leo akimwona mwanawe amepungua si mjinga. Anakumbuka. Walakini kumbukumbu ya kweli yaweza kuwa kiongozi mbaya pale ambapo njia yenyewe imekwisha kuhama, na kwetu njia imehama.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika sehemu iliyokuwa ikiitwa Kavirondo ya Kusini, alichapisha katika jarida la Lancet habari ya shinikizo la damu alilolipima kwa wanaume wapatao elfu moja. Aliona ya kuwa shinikizo lao halikupanda pamoja na umri kama lilivyopanda la Wazungu. Baada ya miaka arobaini lilielekea kushuka. Alieleza vilevile ya kuwa katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini muda wa miaka miwili, hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Fikiri, msomaji! Ugonjwa ambao sasa hutajwa katika kila mazishi, babu za majirani zetu karibu hawakuujua.

Wengine watasema damu ya siku hizi imeharibika. Sivyo. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa habari za Waluo waliohama kutoka vijiji vya karibu na ziwa wakaenda kukaa Nairobi. Haikupita miezi mingi shinikizo la damu ya wahamaji lilikuwa limezidi la wenzao waliobaki nyumbani. Uzito wao pia ulizidi, na chumvi waliyokula ilizidi. Ukoo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni sahani na njia: chakula kinacholiwa na mwendo unaokwendwa. Na leo mtu hahitaji kupanda basi la Nairobi ili apatwe na mabadiliko hayo, kwa kuwa Nairobi yenyewe imekwisha kufika vijijini pamoja na pikipiki, unga mweupe uliokobolewa, mafuta ya kupikia na soda. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2008 na 2009 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wapatao 25 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa 2014 uliwakuta 33.

Sisi wa Malava tunaishi katikati ya miwa, na miwa hiyo yatosha kutufundisha. Mtazame mkata miwa. Tangu alfajiri yuko shambani na panga lake, anainama na kuinuka, anakata na kubeba. Jioni hula mlima wa ugali, na bado mbavu zake zaweza kuhesabika. Sasa mtazame karani anayeandika uzito wa miwa hiyo hiyo. Ugali wake ni ule ule, pengine na nyama zaidi, lakini kutwa nzima amekaa kitini, na kalamu si mzigo. Ugali haukumdhulumu karani. Yeye hula chakula cha mkata miwa bila kukata miwa.

Hapo ndipo ilipo hila ya umri wa makamo. Mtoto huenda shule kwa miguu. Akiwa mwalimu, hupanda pikipiki. Akiwa mkuu wa shule, huendeshwa kwa gari. Wakati huo huo sahani yake inakua. Arusini huandaliwa mapema, mazishini huitwa ndani akanywe chai, na nyumbani firigisi ya kuku huwekwa mbele yake kwa kuwa ndiye baba. Tena ni desturi ya maumbile ya kuwa misuli ya mtu hupungua kadiri miaka inavyosonga, hata chakula anachohitaji kikawa kidogo kuliko cha ujana wake. Mwili unapoanza kuomba kidogo, ndipo heshima inapoanza kuleta kingi.

Je, aliyekwisha kufika huko aweza kurudi? Aweza, na jambo hili limepimwa. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya elfu tatu waliokuwa karibu kupatwa na kisukari, wastani wa umri wao ukiwa miaka 51. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au kufanya mazoezi ya namna hiyo kwa dakika 150 kila juma. Katika kundi hilo idadi ya waliopatwa na kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa dawa, ambalo lilipata upungufu wa asilimia 31. Mwaka 2017 uchunguzi wa Uingereza ulionyesha jambo la ajabu zaidi: kati ya watu waliokuwa na kisukari cha ukubwani kwa muda usiozidi miaka sita, wakapunguza uzito kwa chakula kidogo sana chini ya uangalizi wa wauguzi na wataalamu wa chakula, karibu nusu walikuwa hawana tena ugonjwa huo baada ya mwaka mmoja, na hawakuwa wakitumia dawa zake. Asitokee mtu akatupa dawa zake kwa ajili ya maneno haya. Watu wale waliongozwa na wanaojua kazi.

Dakika 150 si nyingi. Ni nusu saa kwa siku tano. Wala chakula cha kumponya mtu wa makamo hakihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Mrenda, mnavu, saga na kunde humea nyuma ya nyumba, wimbi na mtama vyapatikana sokoni, maharagwe hayakosekani. Linalotakiwa ni kugeuza vipimo, mboga ziwe mlima na ugali uwe kichuguu, na kijiko cha sukari kisiingie katika kikombe cha chai mara nne.

Kama mambo ni mepesi hivyo, mbona wanaoyatenda ni wachache? Hapa ndipo tunaporudi katika swali letu. Mtu huyu akitoka alfajiri kutembea kando ya msitu wa Malava, wa kwanza kukutana naye atamwuliza, "Unakwenda wapi?" Hana pa kwenda. Anatembea tu, na mtu mzima anayetembea bila safari hushukiwa. Akiwa mwanamke ni vibaya zaidi. Mama wa miaka arobaini na mitano akionekana anakimbia barabarani, watu husimama wakadhani nyumba inaungua. Na wanawake ndio wanaozidi kwa uzito katika nchi yetu; uchunguzi wa mwaka 2015 uliwakuta kwa kiasi cha mara mbili ya wanaume. Wanaohitaji njia zaidi ndio tunaowaonea haya zaidi wakiitumia.

Halafu iko sahani. Mfikirie amekwenda kumtembelea shemeji yake. Kuku amechinjwa, ugali umepakuliwa. Akila nusu na kunawa, mwenye nyumba huingiwa na huzuni: "Shemeji, mbona huli? Au chakula chetu hakifai?" Wepesi wa kusema humwambia mgeni asijali, ashike shauri la daktari wake. Mimi sikubali wepesi huo. Kuku yule alikuwa mali, na kuchinjwa kwake kulikuwa neno: tunakuthamini. Kulirudisha neno hilo bila kujali ni jeuri, na mtu hapati afya yake kwa kuwaaibisha waliompokea. Lakini jeuri ya pili iko upande wa pili, nayo hatuitaji mara nyingi. Mwenyeji humlisha mgeni kwa kumtakia heri. Akijua ya kuwa mgeni ana kisukari, akazidi kumshurutisha mpaka ale kinachomwumiza, upendo wake umepotea njia. Anailisha sifa yake mwenyewe ya ukarimu kwa mwili wa mtu mwingine. Mgeni na ale kidogo kwa furaha, asifu mkono uliopika, asihubiri juu ya mafuta na wanga mbele ya mchuzi wa watu. Mwenyeji naye aamini ya kuwa nusu sahani iliyoliwa kwa shukrani imelipa deni la kuku mzima.

Yako maneno mengine yanayosemwa, nayo hayana huruma: mtu mnene ni mlafi, na ugonjwa wake ni malipo yake. Maneno hayo si ya haki. Wako waliorithi miili inayohifadhi kila tonge, na wako wanaonenepeshwa na dawa. Wako maskini wengi wanaoshiba wanga kwa kuwa wanga ndiyo rahisi ya bei, ilhali samaki na matunda yako mbali na mfuko wao. Tena mwili uliopunguzwa haukubali upesi. Huongeza njaa, na uzito hurudi kama maji yaliyozuiliwa kwa jani. Anayeanguka na kuanza tena mara tatu huenda ana moyo mkuu kuliko kijana mwembamba ambaye hajajaribiwa hata siku moja. Wajibu wa mtu kuulinda mwili wake naukubali. Dharau haimo katika wajibu huo.

Na kwa nini nauita wajibu, si hiari tu? Kwa sababu ya mambo yanayofuata ugonjwa. Mshipa wa kichwani ukipasuka, aliyekuwa akilipa karo ya watoto watano hulishwa kwa kijiko na mmoja wao, ambaye imembidi aache shule. Mafigo yakifa, mgonjwa hufungwa katika mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kila juma kwa muda wote atakaoishi asipopata figo jingine, na ng'ombe huuzwa, kisha shamba. Jamaa huitana kwa michango. Wote hao hulipa, na wanaolipa kwa ajili ya mwili hawawezi kuambiwa hauwahusu. Kwa hiyo wana fungu. Lakini fungu lenyewe ni la namna ya peke yake. Shamba la ukoo laweza kulimwa na yeyote mwenye jembe. Mwili hauwezi kutembezwa na mwingine, wala hakuna awezaye kumpunguzia mwenzake tonge bila mwenyewe kukubali. Jamaa wana haki ya kumtaka aishi, na njia pekee ya kuitumia haki hiyo ni kumwachia nafasi.

Nafasi hiyo, msomaji, kwa sehemu kubwa iko mkononi mwako, ijapokuwa wewe ni kijana na mifupa yako ni myepesi. Nyumba nyingi humu kwetu, aliye shule ya sekondari ndiye anayekata ugali, anayetia sukari katika chai, na anayewanawisha wageni mikono. Ndiye anayesikia minong'ono ya wakubwa na kuipeleka nyumba ya pili. Mwezi wa Desemba mjomba wako atakuja kutoka mjini. Mwaka jana alishuka garini akiwa ameushika mlango kwa mikono miwili. Mwaka huu atashuka upesi, shati limemlegea, shingo imetoka. Shangazi zako watatazamana. Mmoja atasema polepole ya kuwa siku zake zimekaribia. Wewe utakuwa umesimama na birika la maji ya vuguvugu na beseni, naye atakunyoshea mikono yake, na kabla hujamimina atakuomba jambo dogo: umpakulie ugali nusu, na usiwaambie.