Washa kwa Diski ya Pili

Ndugu zangu mnaotunza seva, ninyi mlioachiwa hesabu za ushirika, mafaili ya wagonjwa na ada za wanafunzi ndani ya sanduku moja linalonguruma chini ya meza, nisikilizeni. Mmenunua diski mbili. Mmezifunga pamoja ziwe pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili. Kisha mkalala. Nauliza swali moja, na kila mtu ajijibu moyoni: ni lini uliichomoa ile ya kwanza ukaona mashine inawaka kwa ile ya pili peke yake?

Kama hujawahi, basi usiseme una diski mbili. Unayo moja inayofanya kazi na nyingine unayoitumainia.

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha andiko lao juu ya RAID mwaka 1988, diski pacha waliziweka daraja la kwanza. Ahadi ya daraja hilo ni data: ikifa diski moja, data ibaki. Kuwaka kwa mashine ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wanapoangamia. Madabodi inapopata umeme haina habari na pacha ulizozifunga kwa mdadm. Kwenye mashine za BIOS, inasoma sekta ya kwanza ya diski moja, baiti 512, ambamo programu ya kuanzishia ina nafasi ya baiti 446 tu. Sekta hiyo iko nje ya patisheni, na kama ulichofunga pacha ni patisheni, kama wafanyavyo wengi kwenye Linux, hainakiliwi kamwe. Umejenga nyumba mbili zinazofanana chumba kwa chumba, ukatoboa mlango kwenye moja. Ile yenye mlango ikianguka, mali yako yote imo ndani ya nyingine, nzima, salama, wala hakuna pa kuingilia. Na dawa yake ni amri moja! Elekeza grub-install, amri inayoweka programu ya kuanzishia iitwayo GRUB, kwenye /dev/sda, kisha irudie kwenye /dev/sdb. Kwa nini ofisi nzima isimame kwa kazi ya dakika chache?

Wenye mashine mpya za UEFI msishangilie. Kwenu mlango ni patisheni ndogo ya FAT, na programu nyingi za kusakinisha huiweka kwenye diski moja tu. Tena madabodi imehifadhi kumbukumbu inayoitaja patisheni ileile kwa kitambulisho chake. Diski ikifa, kumbukumbu inabaki ikimwita marehemu. Tengenezeni patisheni hiyo kwenye diski zote mbili, nakilini yaliyomo, kisha iandikisheni ile ya pili kwa efibootmgr. Halafu fungueni /etc/fstab mtazame mstari wa /boot/efi. Kama umefungwa kwenye kitambulisho cha diski ya kwanza bila neno nofail, mfumo utaanza vizuri, utaingoja patisheni isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha utakutupa kwenye hali ya dharura huku data yote ikiwa mikononi mwako. Neno moja tu limekosekana! Liandikeni leo.

Lakini wako ambao msiba umeshawafika. Mashine haiwaki, simu haziachi kuita, bosi amesimama mlangoni. Kwenu ninyi nasema: toeni mikono kwenye kibodi. Someni kwanza skrini inasema nini. Kama madabodi inalalamika kwamba haioni diski ya kuwashia, tatizo liko mlangoni, na data huenda haijaguswa hata kidogo. Mkiona grub rescue, mlango umefunguka lakini GRUB haikupata mafaili yake. Kama kerneli imeanza, maandishi yakatiririka, kisha mkaachwa kwenye initramfs, basi pacha ndizo hazikuunganishwa, au zimepewa jina jingine, md127 badala ya md0, na mfumo unatafuta jina la zamani. Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Anayeyatibu yote kwa kusakinisha mfumo upya anaizika data iliyokuwa hai.

Washeni kwa flashi yenye Linux. Andikeni mdadm --examine kwa kila patisheni, mtafute mstari wa Events. Namba mbili zikilingana, pacha zilikuwa pamoja hadi mwisho. Moja ikiwa nyuma sana, diski ile iliachwa njiani, labda wiki nyingi zilizopita, na hakuna aliyesoma onyo. Hiyo ndiyo diski iliyopitwa na wakati. Mkiifanya kuwa chanzo na kuinakili juu ya nzima, mmefuta kazi ya watu kwa mikono yenu wenyewe. Soma namba ya kiwandani kwa smartctl, ilinganishe na lebo iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, kwa macho yako, kabla ya kuchomoa chochote. Na nawasihi, nawasihi kwa nguvu zangu zote: msiandike --create juu ya pacha zilizokuwepo. Neno la kuunganisha ni --assemble. Lile jingine linaandika utambulisho mpya juu ya wa zamani, na likikosea mahali data inapoanzia, kuirudisha ni kazi ya machozi.

Sasa ninyi ambao mashine zenu bado zinawaka, msingoje. Fanyeni jaribio wikendi hii. Kwanza wekeni nakala rudufu nje ya mashine, maana pacha hazikuokoi na faili uliyoifuta; zinaifuta zote mbili kwa pamoja. Someni /proc/mdstat mhakikishe mnaona [UU]. Zimeni. Chomoeni diski ya kwanza. Washeni, mkae mtazame.

Mashine ikiwaka, /proc/mdstat itaonyesha U moja na kistari cha chini. Zimeni, rudisheni ile diski, washeni, mkaiongeze kwa mdadm --add. Na hapa msiwe na pupa! Msikimbilie kujaribu diski nyingine kabla kunakili hakujaisha, kwa sababu zile diski zikiwashwa kila moja peke yake, zote zitakuwa zimeandikwa, kila moja itadai ndiyo ya kweli, na hapo hata Events haitakuwa shahidi wa kutegemewa. Subirini, hata kama ni saa nyingi, mpaka [UU] irudi. Ndipo mzime tena, na safari hii mchomoe ile ya pili.