Jicho Lililofumbwa: Huruma na Haki Katika Mpaka wa Busia

Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ni methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha, na aghalabu tumeridhika kuieleza kwa sentensi moja na kupita. Hata hivyo methali hii imebeba fumbo. Inayatenga mambo mawili ambayo sisi katika maisha ya kila siku huyachanganya, yaani hali ya mtu na haki yake. Wahenga hawakusema, "Mnyonge mhurumieni." Walisema apewe kilicho chake. Katika makala haya nakusudia kulipima fumbo hilo kwa kulitia katika mizani ya mahali panapojulikana: mji wa Busia, uliokaa pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na nchi ya jirani yake, Tororo.

Mpaka huo ni mchoro wa kalamu. Kabla ya 1902 Uganda ilienea upande wa mashariki hata karibu na Naivasha. Mwaka huo watawala wa Kiingereza waliitoa sehemu hiyo ya mashariki wakaitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako huku na huko, ndugu kwa ndugu, wakitenganishwa na mstari wasiouchora wao. Kwa upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka 1997, ilipofanywa wilaya ya peke yake. Malaba, lango la pili la mpaka huo, limebaki Tororo. Sisi walimu tunalo deni kwa eneo hili, maana ndipo lilipozaliwa neno bodaboda. Kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili palikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanawabeba wasafiri huku wakinadi kwa Kiingereza kwamba wanatoka mpaka hadi mpaka. Ndimi za watu zikalilainisha neno, nalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Pamoja na baiskeli hizo za magurudumu mawili, ikatokea barabarani baiskeli nyingine, yenye magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono. Wenyewe walikuwa watu waliopooza miguu, wengi wao kwa ugonjwa wa polio walioupata utotoni. Polio humnyang'anya mtu miguu, lakini mara nyingi humwachia mikono. Na mikono inayofanya kazi ya miguu hupata nguvu za ajabu. Watu hao walipakia bidhaa nyuma ya kiti na chini yake, wakavuka mpaka. Maafisa wa forodha, kwa mapatano yasiyoandikwa popote, hawakuwatoza ushuru kama walivyowatoza wengine. Habari hizi zimeelezwa na wataalamu Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Herbert Muyinda wa Makerere, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2007. Wafanyabiashara waliona faida, wakaanza kuwakodi wenye baiskeli hizo wawavushie mizigo. Ikawa kazi. Kwa kazi hiyo watu ambao jamii iliwadhania kuwa ni mzigo walijenga nyumba, wakaoa, wakawalipia watoto wao karo. Tena wakawaajiri vijana wenye miguu mizima wawasukumie baiskeli zilipolemewa.

Hebu tutulie hapo, maana ndipo penye swali letu. Afisa wa forodha anapofumba jicho ili mtu mwenye ulemavu apite, je, anamtendea haki, anamtendea hisani, au anamdharau?

Yupo atakayejibu upesi kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ushuru ni ushuru. Mfuko wa sukari haubadiliki kuwa kitu kingine kwa kupakiwa katika baiskeli ya magurudumu matatu. Asiyelipa ushuru anafanya magendo, na magendo hayakosi jina kwa sababu ya miguu ya mtendaji. Jibu hili lina uzito, na mtu wa Busia au Tororo anaujua uzito huo. Watu wa mpaka huu waliyaona magendo ya miaka ya 1970, katika utawala wa Idi Amin, wakati kahawa ya Uganda ilipovushwa kwenda Kenya usiku na hazina ya nchi ikabaki tupu. Serikali isiyokusanya ushuru haijengi zahanati, na zahanati ikikosekana, wa kwanza kuumia ni mnyonge yuyo huyo.

Lakini jibu hilo halitoshi. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha zamani kwamba dhuluma huja kwa njia mbili: kuwatendea walio sawa kana kwamba hawako sawa, na kuwatendea wasio sawa kana kwamba wako sawa. Mtu aliyekosa shule kwa sababu darasa lina ngazi, na kazi kwa sababu tajiri alimtazama miguu kabla ya kumwuliza jina, hakuianza safari pale walipoianzia wenzake. Zaidi ya hayo, chanjo ya polio ilipatikana tangu 1955, na ile ya matone ya mdomoni tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Mtoto aliyepooza katika miaka ya 1970, huduma za afya zilipokuwa zikiporomoka nchini Uganda, hakupooza kwa sababu dunia haikujua dawa. Alipooza kwa sababu dawa haikufika kwao. Basi anaweza kuuliza: serikali iliyoshindwa kunifikishia matone mawili ya chanjo ina uso gani wa kunidai ushuru wa sukari?

Ni swali kali, nami sioni namna ya kulikwepa. Deni lipo. Lakini kukubali kwamba deni lipo si sawa na kukubali kwamba linalipwa kwa kufumba jicho. Tulitazame hilo jicho lenyewe, maana lina kasoro tatu.

Kwanza, jicho lililofumbwa laweza kufumbuliwa. Afisa mwema huhamishwa, akaja mwingine asiyejua mapatano, au anayeyajua na kutaka chake. Aliyekuwa akipita jana anasimamishwa leo, wala hana karatasi ya kuonyesha wala mahali pa kushitaki. Hisani haina mahakama.

Pili, jicho lililofumbwa hukodishwa. Mzigo uliopita bila ushuru aghalabu si mali ya mwenye baiskeli. Ni mali ya mfanyabiashara. Msamaha uliokusudiwa mnyonge unamfaidi tajiri, na mnyonge anapata ujira wa kuvusha. Ukitokea msukosuko, anayekamatwa njiani ni nani? Si yule aliyeketi dukani.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, jicho hilo humtaka mtu aendelee kuonekana dhaifu. Mwendeshaji wa baiskeli hiyo huenda ndiye mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote barabarani. Anapandisha mlima mzigo ambao mimi na wewe tungeuacha. Lakini kinachompitisha forodhani si nguvu zake. Ni kule kuhurumiwa. Anafanya kazi ya shujaa na kupewa kibali cha maskini.

Hapa nitapingwa, na kwa haki. Ni rahisi kwa mwalimu aliyeketi kitini kuhukumu riziki ya mtu aliye juani. Tena waendeshaji wenyewe hawakungoja kuhurumiwa tu. Waliungana, wakaunda umoja wao, wakazungumza na maafisa kwa pamoja, wakaonyana wao kwa wao wasije wakaharibu mapatano. Katika kufanya hivyo waliigeuza huruma ikawa makubaliano. Makubaliano si haki kamili, lakini si sadaka tena, kwa kuwa mwombaji huzungumza peke yake, na wenye makubaliano huzungumza kwa umoja wao. Nakiri kwamba jambo hili linapunguza ukali wa hoja yangu ya tatu. Jambo kama hilo limeonekana pia katika mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, ambako wafanyabiashara wenye ulemavu walipunguziwa nauli ya kivuko, wakajenga juu ya punguzo hilo biashara kubwa ya kuvusha bidhaa. Mtu akipewa ufa mdogo, hupanua akapita. Huo ni ujasiri, nasi tuusifu. Lakini tusijidanganye kwamba ufa ni mlango.

Basi mlango ni upi? Nchi zetu hazikukaa kimya. Nchini Uganda watu wenye ulemavu waliunda umoja wao wa taifa mwaka 1987. Katiba ya 1995 ikatamka haki zao katika ibara ya 35, nao wana viti vyao vitano katika Bunge. Kenya ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na Katiba ya 2010 ikaweka haki zao katika ibara ya 54. Nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa kwa matumizi ya watu wenye ulemavu.

Msomaji na aitazame vizuri sheria hii ya mwisho. Inaisamehe baiskeli, haiusamehe mzigo. Kwa maoni yangu hapo ndipo haki inapopita. Baiskeli ile ni miguu ya mwenyewe, na hakuna mtu anayelipia miguu yake ushuru. Mzigo ni biashara, na biashara ina kanuni zake kwa wote. Msamaha wa namna hii umeandikwa; aliyenyimwa anaweza kuusoma kwa sauti mbele ya afisa, akadai, na akishindwa hapo akaenda juu zaidi.

Na kanuni za biashara nazo zaweza kuwa nyepesi kwa mdogo bila kufumba jicho. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Baadaye ukawekwa utaratibu rahisi kwa wachuuzi wadogo, ili bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zipite kwa hati nyepesi itolewayo pale pale mpakani. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kadiri ushuru wa halali unavyopungua kwa wote, ndivyo thamani ya jicho lililofumbwa inavyopungua. Yule aliyeishi kwa thamani hiyo lazima awe na kitu kingine cha kushika: mtaji wa kununua bidhaa zake mwenyewe, na nafasi sokoni isiyo na ngazi. Tuliona mwezi wa Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona: malori yaliendelea kupita, bali watu wa kawaida walizuiwa. Mapatano yasiyoandikwa hayakuwa na kifungu cha siku ya dhiki.

Sasa nije kwetu, wenye kazi ya lugha. Ibara ya 54 niliyoitaja inasema pia kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hapo Katiba imeingia darasani mwetu. Tazama maneno yetu ya zamani: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yamevaa kiambishi KI-, kiambishi cha vitu, na cha kudunisha. Wako wanaosema kwamba lugha yenyewe ilikwisha kuwahukumu watu hawa. Lakini mwalimu mwangalifu atakumbuka kijana, kiongozi na kinyozi, ambao hakuna anayewadharau kwa kiambishi hicho. Atakumbuka pia kwamba twasema kipofu amefika, wala si kimefika. Kiambishi kimeyumba, lakini upatanisho wa sentensi umemtambua mtu. Jirani zetu wa Luganda wana omulema na omuzibe katika ngeli ya watu, na bado wana kiggala kwa kiziwi. Kwa hiyo kasoro si ya Kiswahili peke yake, wala si dhambi ya ngeli pekee.

Hata hivyo tusitumie sarufi kuwa kinga ya uvivu. Ikiwa wenyewe wamesema kwamba wanapenda kuitwa watu wenye ulemavu, adabu yataka tuwaite hivyo. Tena tusidhani kwamba tumemaliza. Mkuu wa shule anayesema "mtu mwenye ulemavu" kwa ufasaha, na huku darasa lake halifikiki ila kwa ngazi, amefumba jicho kama yule afisa, ila yeye amelifumba kwa maneno mazuri.

Nahitimisha kwa kurudi kwenye methali. Simlaumu afisa wa Busia aliyempitisha mwenzake. Pasipo huruma ile huenda watoto wengi wasingalisoma. Huruma ilitangulia, na mara nyingi hutangulia. Kosa ni kuiacha iketi katika kiti cha haki na kudhani kwamba kazi imekwisha. Walimu wenzangu, mnapoifundisha methali hii tena, msiishie kwenye maana yake. Wapeni wanafunzi mjadala: Je, afisa alitenda mema? Wagawanyeni pande mbili, na kila upande ulete hoja. Na ikiwa darasani mnaye mwanafunzi mwenye ulemavu, msimwombe awe mfano. Mwulizeni, kama mnavyowauliza wengine, yeye anashika upande gani.