Amana ya Mnakili: Je, Shairi la Marehemu Lasahihishika?

Tungo za Muyaka bin Haji tunazozisoma leo hazikutufikia kwa mkono wa Muyaka. Malenga huyo wa Mombasa alifariki takriban mwaka 1840, muda mfupi baada ya Seyyid Said kuutwaa mji kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka vinywani mwa waliozihifadhi, akazitia katika hati za Kiarabu. Kutoka kwake zilimfikia W. E. Taylor, mmisionari wa CMS aliyewasili Mombasa mwaka 1880. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS, na ndizo alizozitumia William Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940. Baina ya kinywa cha malenga na jicho la msomaji, basi, wamesimama watu watatu kwa uchache. Makala haya hayakusudii kuupima usomi wao. Yanauliza swali la kimaadili: anayenakili shairi la mtu aliyekufa anayo haki gani juu ya shairi hilo?

Swali hili si letu peke yetu. Waingereza wanalo la kwao, na yafaa tulitazame kwanza kwa sababu ushahidi wao haukupotea: wanao mswada na wanacho kitabu. Thomas Wyatt alifariki mwaka 1542. Mswada wa mashairi yake, ambao una masahihisho ya mkono wake mwenyewe, ungalipo London. Mwaka 1557 mchapishaji Richard Tottel alitoa diwani iliyokusanya tungo za Wyatt, za Earl wa Surrey na za wengineo. Kufikia wakati huo masikio ya wasomaji yalikuwa yamezoea mizani laini kuliko ya Wyatt, kwa hiyo mistari iliyoonekana kuchechemea ikanyooshwa. Katika shairi moja mashuhuri, ambamo mpenzi aliyeachwa anasema kwa kejeli kwamba ametendewa kwa wema, neno hilo likageuzwa likawa kinyume chake. Kejeli ikatoweka, pakabaki lalamiko la kawaida. Msomaji wa mwaka 1557 hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba pametokea jambo.

Hata hivyo, tusimhukumu Tottel kwa pupa. Ni yeye yule aliyetoa, mwaka huo huo, tafsiri ya Surrey ya vitabu viwili vya Aeneid ya Virgil, kazi iliyowafunza Waingereza mashairi yasiyo na vina. Surrey alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1547. Naye alikuwa amechota kwingi kutoka tafsiri ya Gavin Douglas wa Skotlandi, iliyokamilika mwaka 1513 lakini ikapigwa chapa mwaka 1553. Maana yake Surrey aliisoma katika mswada. Hapa hakuna aliye msafi kabisa. Kila mmoja amejenga juu ya mgongo wa mwingine, na fasihi ya Kiingereza imefaidika. Tukisema kwamba kugusa kazi ya mtu ni dhambi, itatubidi tuitupe nusu ya fasihi ya ulimwengu, na ya kwetu ikiwemo.

Kosa la Tottel, kwa maoni yangu, si kusahihisha bali kuficha alichokisahihisha. Marehemu hawezi kukataa. Anayeweza kukataa kwa niaba yake ni msomaji, naye amenyimwa ushahidi. Linganisha na desturi ya waandishi wetu wa kale. Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate alipoifasiri Hamziya ya al-Busiri, mshairi wa karne ya 13, ubeti wa Kiarabu uliandikwa katika miswada na Kiswahili kikawekwa chini yake. Fasiri ilisimama mbele ya hakimu wake katika ukurasa mmoja. Mwalimu Julius Nyerere naye aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari, ikatoka mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuirekebisha, hata jina lake akalibadili. Lakini yeye alikuwa hai, na alikuwa akijisahihisha mwenyewe.

Yupo atakayepinga kwamba mfano wa Wyatt hautufai. Wyatt ameacha hati ya mkono wake. Muyaka alitunga kwa ajili ya kusikiwa, na kila aliyemhifadhi alimhifadhi kwa namna yake. Ikiwa asili haipo, mnakili anamdhulumu nani? Pingamizi hili lina uzito. Jibu langu ni kwamba pale ambapo hapana karatasi ya asili, deni halifutiki, bali linahamia kwa lugha ambamo shairi lilisikiwa. Sikujua huenda alilipata neno tofauti na lile alilolitamka Muyaka, lakini alilipata kwa Kimvita, kutoka kwa watu wa Mvita. Kumbukumbu inapoteleza ndani ya lugha yake ingali ni kumbukumbu.

Ndiyo maana naiona hatari kubwa zaidi mahali pengine. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, CMS walianzisha mwaka 1875 kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na katika shule za misheni Kiswahili kilifundishwa kwa herufi za Kirumi. Maji membamba tu yalizitenga herufi hizo na hati za Kiarabu za walimu wa mjini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ukakiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Bila sanifu nisingeandika makala haya. Lakini tahajia yake haina alama ya kutenga t ya menoni na t ya ufizini, ambazo Mmvita huzitofautisha bila kufikiri. Tena, mhariri anayebadili 'mato' kuwa 'macho', au 'ndia' kuwa 'njia', ili mwanafunzi asibabaike, amevunja kina cha -to na cha -dia. Akiona kina kimevunjika atatafuta neno jingine la kuziba pengo, na hapo ameanza kutunga. Jina lililo juu ya ukurasa litabaki la Muyaka.

Mtoto wa Kisauni au Likoni, ambaye nyanyake husema 'mato' kila siku, atakutana na shairi hilo darasani likiwa limeshanyooshwa. Akiandika 'mato' katika insha yake, mwalimu atalipigia mstari mwekundu, na katika kitabu kilicho mbele yake hamna ubeti hata mmoja wa kumtetea.